Shairi Lipandapo Mlimani: Sauti, Simu na Somo la Ushairi Kilolo

Diwani ya Kimbunga ya Haji Gora Haji ilichapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1994, na kwa miaka mingi baada ya hapo ikawa miongoni mwa vitabu vilivyosomwa na wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita Tanzania Bara. Kwa njia hiyo maneno ya mtu aliyezaliwa Tumbatu mwaka 1933, akalelewa na bahari na kuishi kwa uvuvi na uchukuzi, yalifika mpaka kwenye madawati ya Nyanda za Juu Kusini. Maneno yalifika, ila sauti ilibaki nyuma.

Hasara hiyo si ndogo. Wapenzi wa ushairi wa mwambao wanajua kwamba shairi la Haji Gora halikuzaliwa kwenye karatasi. Lilizaliwa mdomoni, likapimwa kwa sikio, likahifadhiwa kwa moyo, na karatasi ikaja mwisho, kama ghala linavyokuja baada ya mavuno. Mtu aliyelisoma bila ya kulisikia amepata nusu ya haki yake. Nusu iliyosalia, yaani mahadhi, mapigo, mahali pa kuvuta pumzi na mahali pa kukaza neno, hakuna kitabu cha kiada kilichopata kuifunga ndani ya jalada.

Sasa Kilolo. Wilaya hii ya Mkoa wa Iringa ilianzishwa mwaka 2002, na ardhi yake haina tabia moja. Juu, upande wa Kidabaga na milima ya Udzungwa, kuna baridi na ukungu. Ilula, kando ya barabara kuu iendayo Mbeya, ni mashuhuri kwa nyanya. Chini kabisa, Ruaha Mbuyuni, kuna joto, kuna vitunguu, na kuna mibuyu iliyolipa bonde jina lake. Lugha ya nyumbani ya wengi ni Kihehe. Skuli za kata, au shule za kata kama waitavyo wenyeji, zilienea nchini kwa mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari ulioanza mwaka 2004, na ndizo zilizowapa watoto wengi wa vijiji vya namna hii fursa ya kukutana na diwani kwa mara ya kwanza. Hapo awali wengi wao hawakuwa wakilijua shairi la Kiswahili ila lile la kwenye mahafali na la redioni.

Katika miaka ya karibuni kimeongezeka chombo kimoja: simu ya mwalimu. Iwe ni simu ya mwalimu na si ya mwanafunzi, jambo hilo lina sababu yake. Wanafunzi wa skuli za Tanzania hawaruhusiwi kuwa na simu skulini, na mjadala wa kuwaruhusu au kutowaruhusu si wa makala haya. Kwa hivyo panaposemwa kwamba mitandao ya kijamii imeingia darasani Kilolo, isieleweke kwamba watoto arubaini wamekaa kila mmoja na kioo chake. Kilichoingia ni simu moja, mara nyingine na spika ndogo, na bando ambalo mwalimu amelinunua kwa fedha yake. Na kupitia tundu hilo jembamba hupita vitu viwili visivyofanana hata kidogo. Cha kwanza ni uchambuzi uliokwisha kupikwa. Cha pili ni sauti.

Mpaka sasa darasa limekipokea zaidi cha kwanza, na hilo ndilo kosa linalostahili kuhakikiwa.

Uchambuzi uliopikwa unajulikana na kila mwalimu wa Kiswahili. Ni faili linalosafiri kutoka kundi moja la WhatsApp hadi jingine, halina jina la mwandishi, na lina vichwa vya habari visivyobadilika: dhamira, ujumbe, falsafa, msimamo, muundo, mtindo, matumizi ya lugha. Chini ya kila kichwa pana hoja mbili tatu. Haikuanza na simu desturi hii. Vijitabu vya kuchambua vitabu teule viliuzwa mitaani tangu zamani, na mtihani wenyewe ndio mama yao. Mwanafunzi anapoulizwa athibitishe jambo fulani kwa kutumia diwani mbili kati ya alizozisoma, mtu mwenye haraka huona ni salama zaidi kuzijua hoja kuliko kulijua shairi. Simu imeongeza kasi tu. Kijitabu kilihitaji nauli na bei, na faili halihitaji hata kufunguliwa na yule anayelituma.

Mfasiri anaweza kuutambua ugonjwa huu upesi kuliko mwengine. Uchambuzi wa namna hii ni tafsiri, tena tafsiri mbovu: unakitoa Kiswahili cha shairi na kukiweka Kiswahili cha orodha, kisha unamwambia msomaji kwamba vyote viwili ni kitu kimoja. Hakuna mfasiri wa shairi la Kiingereza au la Kiarabu ambaye angethubutu kumkabidhi mhariri wake orodha ya hoja na kuiita shairi. Lakini ndani ya lugha moja kitendo hicho kinafanyika kila wiki, na kinaitwa somo.

Na litazamwe shairi lile lenye jina la diwani yenyewe. Mshairi anasimulia kimbunga kilichoupiga mji. Mibuyu iking'olewa na minazi ikinusurika. Wasomaji wengi wamelipokea kama fumbo la misukosuko ya kisiasa, wakubwa walivyoanguka na wanyonge walivyosalimika, na kulisoma hivyo kuna mashiko. Lakini fumbo lolote lina mlango wa nje kabla ya mlango wa ndani. Mlango wa nje hapa ni mti. Anayejua namna mnazi unavyopinda upepo ukija, ukalala karibu ya kuanguka kisha ukasimama, na namna mbuyu usivyojua kuinama kwa unene wake, huyo ameshastaajabu kabla hajaambiwa lolote juu ya siasa. Na asiyejua, atapewa jibu la kitendawili ambacho hakukisikia.

Kilolo ina nusu ya kitendawili hicho. Mtoto wa Ruaha Mbuyuni ameuona mbuyu kila siku ya uhai wake. Anaujua ukubwa wake na ukaidi wake kuliko mtoto wa mjini Unguja. Mnazi hana. Mtoto wa Kidabaga hana mbuyu wala mnazi. Hapo ndipo picha ya video ya nusu dakika, minazi ikipigwa na upepo wa kusi kwenye pwani yoyote ya Zanzibar, inapofanya kazi ambayo kurasa kumi za dhamira na ujumbe hazitaifanya. Haifafanui chochote, inamrudishia mwanafunzi kitu ambacho mshairi alidhani kila msikilizaji wake anacho. Baada ya hapo mwalimu anaweza kunyamaza kidogo, na mtoto wa bondeni akaulizwa: mbuyu uliwahi kuuona umeanguka? Jibu lake litakuwa uhakiki wa kweli, hata kama halitafuata vichwa vya habari vya faili.

Lakini picha ni jambo dogo. Jambo kubwa ni sauti, na juu yake inafaa kukawia.

Mwanafunzi wa bara hufundishwa kwamba shairi la kimapokeo lina vina na mizani, na kwamba mizani ni idadi ya silabi katika mshororo. Kisha hupewa kalamu na kuhesabu. Anahesabu kwa macho. Macho hayajui Kiswahili. Yanaona herufi m na b pamoja na kudhani ni kitu kimoja popote zikutanapo, au vitu viwili popote zikutanapo, na njia zote mbili zinapotosha. Neno "mbuzi" lina mizani mbili: mbu-zi. Neno "mbu", lile la mdudu, nalo lina mizani mbili: m-bu. Herufi zile zile tatu zimekuwa pigo moja katika neno la kwanza na mapigo mawili katika neno la pili, na hakuna kanuni ya kuandika itakayomwonyesha mwanafunzi tofauti hiyo. Mdomo unaionyesha papo hapo. "Nchi", "nta", "nne", "mvi" na "mbwa" yote ni maneno ya mizani mbili, ingawa mtu akiyatazama huona kama pigo moja.

Iko mitego ya ndani zaidi. Kipande cha maneno "mtu mbaya hapendwi", ambacho kimetungwa hapa kwa ajili ya mfano tu, kina mizani nane kamili: m-tu-m-ba-ya-ha-pe-ndwi. Kipande cha "siku mbaya hupita" kinafanana nacho machoni, lakini kina saba: si-ku-mba-ya-hu-pi-ta. Neno ni "mbaya" pote pawili. Tofauti ni kwamba la kwanza limebeba kiambishi cha mtu, nacho hutamkwa peke yake na kuwa na pigo lake, ilhali la pili limebeba king'ong'o cha ngeli ya siku, nacho kimeshikana na silabi inayokifuata. Malenga wa mwambao hakufundishwa kanuni hii na mtu yeyote. Sikio lake lingekikataa kipande cha pili kabla hajajua kwa nini, na angeandika "siku mbaya itapita" ili aipate nane yake. Mwanafunzi wa Kilolo hana budi kulipata sikio hilo kutoka mahali fulani. Kihehe ni lugha ya toni, na masikio yaliyolelewa katika lugha ya toni si masikio mazito. Ni masikio hodari sana, yaliyozoea kutofautisha vitu ambavyo Mswahili havisikii. Yanachohitaji ni kulishwa sauti ya Kiswahili cha shairi, na hayawezi kulishwa kwa chaki.

Vivyo hivyo katika vina. Wazungumzaji wengi wa bara hutamka dh kama z, na th kama s. Kwa mtu huyo "radhi" na "kazi" vina kina kimoja, na akitunga shairi kwa maneno hayo atadhani amefanikiwa. Likifika mwambao shairi lake litachekwa, naye hataelewa kicheko kinatoka wapi, kwa sababu kila alipojisomea mwenyewe vina vilikubali. Kumcheka ni upungufu wa adabu na pia wa akili. Hakuwahi kuisikia dh ikitamkwa na mtu ambaye kwake ni sauti ya nyumbani. Mwalimu wake labda hakuisikia pia. Sauti iliyorekodiwa ya mghani mmoja mzuri, ikichezwa mara tatu darasani, itamfundisha mwalimu na mwanafunzi kwa pamoja, bila ya mmoja kumuaibisha mwengine. Faida hii ya simu haitajwi mara nyingi: inamwezesha mwalimu kujifunza mbele ya wanafunzi wake na heshima yake ikabaki.

Kwa hivyo mpangilio wa somo ungegeuzwa. Kwanza wanafunzi wasikie, vitabu vimefungwa. Kisha wasikie tena vitabu vikiwa wazi, wakifuata kwa kidole. Kisha waghani wenyewe, kwa zamu na kwa pamoja, mpaka mshororo ukae ulimini. Hapo tu ndipo waanze kuhesabu, na kuhesabu huko kutakuwa kukagua kitu wanachokijua tayari. Dhamira na ujumbe vitakuja vyenyewe, na visipokuja vyenyewe labda havimo. Atasema mtu kwamba muda hautoshi na mtihani unangoja. Lakini shairi la beti sita halimalizi dakika nne kwa mghani asiye na haraka. Muda unaopotea kwa kunakili hoja ubaoni ni mrefu kuliko huo.

Si kila sauti iliyomo mtandaoni inafaa, na hapa wapenzi wa ushairi hawapaswi kuwa wapole kupita kiasi. Sehemu kubwa ya kinachopatikana YouTube kwa jina la mashairi ya mwambao ni taarabu. Taarabu ni sanaa adhimu, lakini ni mwalimu mbaya wa mizani. Mwimbaji wa taarabu hulivuta neno, akalirudia, akaliongezea "aa" na "ee" kwa kuufuata muziki, hata mshororo wa mizani kumi na sita ukasikika kama wa ishirini na tano. Na fidla ikiingia katikati ya neno, mwanafunzi asiyelijua shairi hatalishika. Kughani ni kitu kingine. Mghani huwa hana ala, au huwa na ala inayomsubiri. Anasimama penye kina cha kati, anashuka penye kina cha mwisho, na muundo wote wa shairi unasikika kama ngazi za nyumba. Mwalimu asiyejua tofauti hii atacheza wimbo wa harusi na kudhani amefundisha tarbia.

Kuna pia namna mpya ya vijana wa mijini, wasemao mashairi yao jukwaani kwa pumzi moja, huku muziki wa kompyuta ukipiga nyuma. Baadhi yao wana kipaji kisichokanushika, na mjadala wa shairi huru ulioanza zamani, tangu enzi za Kichomi cha Euphrase Kezilahabi mwaka 1974, hautafungwa na makala haya. Lakini mwalimu akumbuke anafundisha nini siku hiyo. Ngoma ya nyuma huficha mizani, na mara nyingine huficha kwamba mizani haimo.

Na jina "tarbia" lililotajwa hivi punde linakumbusha jambo jingine. Skulini, shairi lenye mishororo mitano kwa kila ubeti huitwa takhmisa, basi. Faili za WhatsApp husema hivyo, na vitabu vilisema hivyo kabla yao. Lakini takhmisi ya mapokeo ilikuwa kitendo kabla ya kuwa hesabu: mshairi alichukua beti za mshairi aliyemtangulia, kila moja ya mishororo miwili, akazitangulizia mishororo mitatu yake yenye kukubaliana nazo, na shairi likawa la watu wawili. Takhmisi ya Liyongo, inayonasibishwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, ndiyo mfano wake mashuhuri. Mtu aliyekwishaijua takhmisi kwa maana hiyo hawezi kukosa kuona kwamba inafanana na mambo yanayotendeka leo katika makundi ya washairi simuni: mmoja anatupa beti, mwengine anaidaka.

Hapa ndipo mtandao wa kijamii unapokuwa karibu mno na ushairi wa Kiswahili kuliko wanavyodhani wanaouogopa. Ushairi huu tangu asili ni wa kujibizana. Muyaka bin Haji wa Mombasa hakutunga akiwa amejifungia chumbani. Alitunga kwa kujibu, kwa kukejeli, kwa kuuliza na kungoja jibu. Magazeti yalipokuja yaliichukua desturi hiyo. Mambo Leo, lililoanza kutolewa na Idara ya Elimu ya Tanganyika mwaka 1923, lilikuwa na mashairi ya wasomaji, na watu wa mbali walijifunza ushairi wa mwambao kupitia kurasa za namna hiyo. Mathias Mnyampala alizaliwa mwaka 1917 Ihumwa, karibu na Dodoma, mbali na bahari na katika jamii ya Wagogo. Kabla hajafariki mwaka 1969 alikuwa miongoni mwa wakuu wa ushairi wa Kiswahili, na ndiye aliyeipa nchi ngonjera, shairi la majibizano lililoingia skulini moja kwa moja. Yule anayedhani kwamba mtoto wa Kihehe hawezi kuwa malenga kwa kuwa hakunusa chumvi ya bahari, jibu lake ni Mnyampala.

Basi ikiwa gazeti liliweza kumfanya Mgogo wa mwaka 1940 kuwa mwenza wa malenga wa Tanga na Unguja, simu haina sababu ya kushindwa. Kazi ambayo darasa la Kilolo lingeweza kuifanya ni nyepesi mno kuisema: beti mbili za mshairi aliye hai, na kwa idhini yake, zipandishwe ubaoni, wanafunzi wazifungie takhmisi, au wamjibu kwa vina vyake, zile tatu zilizo bora zitumwe na mwalimu kwenye kundi la washairi, na majibu ya washairi yasomwe darasani wiki inayofuata. Mwanafunzi aliyejibiwa na mshairi wa Pemba kwa jina lake, akaambiwa kwamba mshororo wake wa tatu umepungua mizani moja, hatasahau kuhesabu mizani maisha yake yote. Hakuna faili la uchambuzi linaloweza kumjibu mtu.

Lakini gazeti lilikuwa na kitu ambacho kundi la simu halina: mhariri, na jina chini ya shairi. Shairi la gazetini lilitoka na jina la mtungaji, au la kupanga, na mahali alipo. Shairi la WhatsApp hutoka na maneno "kama lilivyopokewa". Mara nyingi jina limekatwa njiani, ubeti wa mwisho, ule ambao malenga wengi hutia majina yao, umeachwa kwa kuwa ulikuwa mrefu, na neno gumu limebadilishwa na mpokeaji aliyedhani ni kosa la chapa. Mabadiliko ya namna hii huvunja shairi kimyakimya. Ikiwa mtungaji aliandika "nta" na mtu akaweka "gundi" kwa nia njema, mizani ni ile ile mbili na hakuna atakayegundua; lakini akiweka neno la mizani tatu mshororo umekufa, na mwanafunzi wa Kilolo anapewa maiti hiyo aichambue fani yake. Mashairi ya Muyaka yangepotea kama Mwalimu Sikujua wa Mombasa asingejitaabisha kuyakusanya na kuyafafanua, tena kwa jina la mwenyewe. Mwalimu wa sekondari leo anaweza kuwa Sikujua mdogo: asichezeshe darasani shairi lisilo na jina la mtungaji mpaka amelitafuta, na akilikosa aseme waziwazi kwamba hakulipata.

Liko na suala la kutegemea kamba inayokatika. Skuli zilipofungwa tarehe 17 Machi 2020 kwa sababu ya korona, masomo yalihamia redioni, runingani na kwenye makundi ya simu, na mpaka zilipofunguliwa zote mwishoni mwa Juni mwaka huo tofauti kati ya nyumba yenye simu janja na nyumba yenye kitochi ilionekana kwa kila mwenye macho. Mtandao wa X ulifungiwa Tanzania mwezi Mei 2025, na tarehe 29 Oktoba mwaka huo huo, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Mwalimu wa kijiji cha mlimani, ambaye hata siku za kawaida hupata mawimbi ya simu akipanda kilimani tu, hawezi kulifunga somo lake kwenye kiungo kinachohitaji kufunguliwa saa nne kamili. Busara yake ni ya kizamani: anapopata mawimbi anaipakua sauti, anaihifadhi kwenye kadi, na kadi inachezwa na redio ndogo ya elfu chache ambayo kila soko la Ilula linaiuza. Kanda za kaseti zilifanya kazi hiyo hiyo katika miji ya mwambao, na wala hazikuhitaji kuitwa teknolojia.

Lililobaki linaihusu pwani yenyewe, na si la kupendeza. Ikiwa mwalimu wa Kidabaga atatafuta usiku wa leo ghani safi ya mashairi ya Kimbunga, au ya Wasakatonge ya Mohamed Seif Khatib, iliyorekodiwa shairi kwa shairi kwa ajili ya mtu anayejifunza, atatafuta kwa muda mrefu kuliko inavyostahili. Washairi hao wawili wote walifariki mwaka 2021. Waliwahi kurekodiwa, bila shaka, kwenye matamasha, kwenye redio, kwenye simu za watu; lakini sauti ya tamasha ina makofi katikati, na sauti ya redio inakaa kwenye maktaba ya redio. Visiwa vimejivunia ushairi wao kwa miaka mingi na kulalamika kwamba bara hawautamki vizuri, huku vikimwachia mwalimu wa bara karatasi peke yake. Lawama hiyo haina uso.

Wala njia isiwe ya kushuka na kupanda upande mmoja tu. Kihehe kina nyimbo zake za mavuno, za maombolezo na za sifa, na bibi anayezijua Kilolo hana tofauti na bibi wa Tumbatu ila kwa lugha na shuka. Simu ile ile inayocheza ghani inaweza kurekodi wimbo wake, kwa ridhaa yake, na mwanafunzi akalinganisha namna Kihehe kinavyojenga mapigo na namna Kiswahili kinavyohesabu mizani. Wasomaji wa mwambao nao wangefaidika kuusikia.

Kwa mghani aliye hai, mwenye simu na nusu saa ya utulivu baada ya alasiri, mahitaji si makubwa. Ataje jina la mtungaji na la diwani. Aghani shairi moja tu, pasi na ala, mlango umefungwa na feni imezimwa. Aliseme tena polepole kama mtu anayemsomea mtoto imla. Mwishoni afafanue maneno matatu au manne ambayo mtu wa mlimani hana njia ya kuyajua: kusi, ngarawa, kanzi, mrama. Sauti isizidi dakika saba, ili faili liwe jepesi na bando la siku moja liweze kulibeba mpaka Ukwega.